Mpiga kura aliyehama chama ni nani?

Ni mtu aliyempigia kura mgombea urais wa chama kimoja, kisha uchaguzi uliofuata akampigia wa chama kingine. Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani: waliomchagua Barack Obama wa Democratic mwaka 2012, halafu Donald Trump wa Republican mwaka 2016. Makadirio yanasema walikuwa mamilioni.

Uzito wao uko kwenye hesabu. Tuseme A na B wana kura 500 kila mmoja. Wafuasi 10 wa A wakikaa nyumbani, B anaongoza kwa 10. Haohao wakihamia kwa B, inakuwa 490 kwa 510, pengo la 20. Mwaka 2016 Trump alimshinda Hillary Clinton wa Democratic jimboni Michigan kwa kura 10,704. Wapiga kura wake 5,353 tu wangehamia kwa Clinton, jimbo zima lingegeuka.

Kosa linalorudiwa sana ni kusoma matokeo ya eneo kana kwamba ni rekodi ya mtu mmoja mmoja. Kaunti ya Howard, Iowa, ilimpa Obama ushindi wa takriban pointi 20 za asilimia mwaka 2012, kisha ikampa Trump pengo kama hilo miaka minne baadaye. Bila shaka wengi walihama, ila matokeo hayasemi wangapi: katikati kuna vijana waliopiga kura mara ya kwanza, waliofariki, waliohamia kwingine na waliosusa. Kura ni siri, kwa hiyo lazima watu waulizwe. Hapo napo pana mtego, maana ukiuliza leo kuhusu kura ya miaka minne iliyopita, baadhi wamesahau na wengine hudai walimpigia mshindi. Utafiti wa kuaminika zaidi huwauliza watu mara tu baada ya uchaguzi wa kwanza, huhifadhi jibu, kisha huwarudia walewale baada ya wa pili.

Asiyejitambulisha na chama si lazima awe mhamaji. Wengi wa namna hiyo hupigia upande uleule kila mara.

Kenya inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa vyama vyenyewe hubadilika. Uhuru Kenyatta aligombea urais kwa chama cha TNA mwaka 2013 na kwa Jubilee mwaka 2017. Aliyempigia mara zote mbili alikuta jina la chama limebadilika, ila hakumhama mgombea wake. Mwaka 2022 William Ruto, aliyekuwa naibu wake, aligombea kwa chama cha UDA, huku Uhuru akimuunga mkono Raila Odinga. Anayehesabu wahamaji hapo aseme kwanza anafuata jina la chama, mgombea au muungano, kwani kila kipimo kitampa idadi yake.