Umefuta Ubuntu, nafasi ya diski haijarudi: dhana potofu na ukweli

Mwanachuo wa Kigoma anaweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows kwa ajili ya masomo. Kozi ikiisha anaifuta, kisha anafungua kompyuta na kukuta C, sehemu ya diski inayokaa Windows, ina nafasi ileile finyu. Hapo ndipo ushauri wa kila aina unapoanza.

"Dawa ni kupiga Windows upya."

Huu ndio ushauri unaoumiza watu kuliko yote. Ukipiga Windows kwa pupa, ripoti ya fildi, picha za familia na hesabu za duka vinaweza kwenda na maji. Na hakuna sababu, kwa kuwa nafasi haijaenda popote. Ubuntu ilikuwa na patisheni yake, yaani kipande chake cha diski. Ukiifuta, eneo lile hubaki halina mwenyewe, na Windows hailichukui mpaka uiagize.

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, ufungue Disk Management. Chini utaona diski imechorwa kama ukanda uliokatwa vipande. Kipande chenye utepe mweusi, kilichoandikwa Unallocated, ndicho nafasi yako. Kikiwa kimegusana na C upande wake wa kulia, bofya C kwa kulia, chagua Extend Volume, fuata hatua hadi mwisho. Kazi ya muda mfupi, na mafaili yako yanabaki palepale.

"Extend Volume ikififia isibofyeke, diski imekufa."

Haijafa. Windows hutanua C kuelekea kulia tu, tena kwenye eneo linaloanzia pale C inapoishia. Mara nyingi kati ya C na nafasi hiyo kuna kipatisheni kidogo cha kurekebishia Windows, na hicho ndicho kinachoziba njia. GParted, programu ya kupanga patisheni, ukiiwasha kutoka kwenye flashi, inaweza kukisogeza.

Kama nafasi iko kushoto kwa C, mimi nasema usiihamishe C. Kuhamisha patisheni kubwa kunaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kupoteza kila kitu. Igeuze nafasi hiyo kuwa D, uhifadhi picha na video humo. Ukilazimika kuhamisha, nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Fundi wa pale Mwanga akikuambia nakala haina haja, chukua kompyuta yako uondoke.

Kwenye mashine za zamani kuna jambo jingine: baada ya kufuta unaweza kuona eneo la kijani lililoandikwa Free space badala ya jeusi. Hilo bado limo ndani ya patisheni kubwa iliyolizunguka. Hakikisha humo hamna kitu kingine, kisha lifute hilo eneo la kijani lenyewe. Likigeuka jeusi, C inaweza kulichukua.

"Vipatisheni vidogo usivyovijua ni mabaki ya Ubuntu, vifute."

Usithubutu. Kile kilichoandikwa EFI System kina mafaili ambayo Windows yenyewe inayahitaji ili iwake.

"Kompyuta ikiwaka na kuandika grub rescue, Windows imefutika."

Kilichofutika ni mafaili ya kiwashio cha Ubuntu, Windows ipo. Kwenye mashine za UEFI, yaani zile zenye mfumo mpya wa kuwashia, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (ile inayofunguka kabla Windows haijawaka), weka Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Kwenye mashine za zamani, washa kwa flashi ya Windows, nenda sehemu ya marekebisho, fungua Command Prompt, andika `bootrec /fixmbr`.

"Nilinunua GB 500, naona 465. Ubuntu imekula 35."

Haikula. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824. Diski mpya kabisa ya ukubwa huo, hata ambayo haijawahi kuiona Ubuntu, itakuonyesha 465 vilevile.