Kokoto si tufu: jua jiwe kabla ya kumwaga slabu

Malalamiko ya slabu zinazopasuka mapema yamezidi, na lawama zote anabebeshwa mwenye simiti. Tukivunja sampuli tunazoletewa kupima, mara nyingi tunakuta kasoro iko kwenye kokoto: mteja ameuziwa tufu (jiwe la jivu la volkano) iliyosagwa, akaambiwa ni mawe meusi, yaani fonolaiti.

Mawe yote mawili ni mazao ya volkano za Bonde la Ufa, ila hayakuzaliwa kwa njia moja. Fonolaiti ni lava iliyotiririka ikapoa. Ile iitwayo ya Kapiti ilitanda nyanda za Athi, nchini Kenya, takriban miaka milioni 13 iliyopita. Ilipoa ikiwa rojo zima, kwa hiyo madini yake yameshikana na mianya ni michache. Livunje jiwe utaona fuwele kubwa za madini ya feldspa, nyeupe, ndani ya jiwe jeusi lenye ubuluu. Dalali akikwambia hiyo ni graniti, si kweli. Graniti hupoa polepole kilomita kadhaa chini ya ardhi na huwa na kwatsi, madini magumu ya silika. Lava ya fonolaiti haikuwa na silika ya kutosha kutoa kwatsi. Neno la dalali halibadilishi mwamba.

Tufu, kama mawe ya kujengea kutoka Ndarugo, ni jivu. Mlipuko ulirusha jivu, vipande vya kioo cha volkano na pumisi (jiwe jepesi lenye matundu), vikaanguka, vikarundikana, vikagandana na hewa ndani. Ndiyo maana mashine huyakata inchi 9 kwa 9 bila baruti, na ndiyo maana hunywa maji. Kwa ukuta ni jiwe zuri, hatuna ugomvi nalo. Lirushie maji kabla ya kulipanga, la sivyo litanyonya maji ya mota (mchanganyiko wa simiti na mchanga) kabla simiti haijashika, na kiungo kibaki unga. Ndani ya zege hufanya vivyo hivyo: kokoto hunyonya, mchanganyiko unakuwa mgumu, fundi anaongeza maji, nguvu inashuka.

Ukiwa saiti, gonga kwa nyundo. Fonolaiti hulia kama chuma, tufu hutoa sauti butu. Kisha dondosha maji kwenye uso mkavu uliovunjwa karibuni; yakizama papo hapo, usinunue kwa slabu.

Ukitaka kipimo rasmi, chota sehemu kadhaa za lundo, chini, kati na juu, kwa sababu vumbi na kokoto kubwa hujitenga. Changanya, gawa robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ibaki gunia moja. Andika timbo, tarehe na namba ya lori. Sampuli hulowekwa saa 24, ikapimwa uzito, ikakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 na kupimwa tena; tofauti ndiyo maji iliyonyonya. Kisha kokoto kavu za milimita 10 hadi 14 hubanwa kwa nguvu inayopanda hadi kiloniutoni 400 kwa dakika 10, na unga unaopita chekeche la milimita 2.36 huhesabiwa kwa asilimia ya uzito; unga ukizidi, jiwe ni dhaifu. Usituletee kokoto tatu kwenye mfuko wa plastiki; hazipimiki, na mifuko hiyo ni marufuku Kenya tangu 2017.

Wachimbaji nao wakumbuke: mawe ya ujenzi yamo katika Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai, na kibali cha madini hakichukui nafasi ya leseni ya mazingira. Mnunuzi, dai risiti inayotaja timbo. Bila hiyo hatuna pa kuanzia kufuatilia lalamiko lako.