Darasa Lenye Joto la Nyuzi 57

Kazi yangu ni kuwasaidia walimu kuingiza viwango vya TEHAMA katika masomo yao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya nikiwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa darasani. Siku moja wanafunzi walikuwa wamepima joto la chumba kwa siku kumi, wakawa wanaingiza vipimo kwenye lahajedwali. Mmoja, badala ya 30.5, akaandika 305. Nukta tu ilisahaulika. Fomula ikafanya kazi yake, wastani ukatoka nyuzi 57, grafu ikapakwa rangi, nguzo moja imechomoza kama mnazi uwanjani. Hakuna aliyeshtuka. Rekodi ya dunia ya joto la hewa, iliyopimwa Death Valley, Marekani, mwaka 1913, ni nyuzi 56.7. Darasa lile lilikuwa limeivunja, na hakuna hata aliyejipepea.

Mwalimu alikuwa na fomu ya tathmini: “Anaweza kutafuta wastani kwa lahajedwali.” Akaweka vema kwa wote. Wala hakudanganya, maana fomula waliiandika sawasawa. Tatizo ni ile sentensi ya fomu.

Sentensi za namna hiyo zina asili yake. Shirika la kimataifa la teknolojia katika elimu, ISTE, lilipotoa viwango vya wanafunzi mwaka 1998, eneo la kwanza kati ya sita lilikuwa uendeshaji wa vifaa na dhana zake za msingi. Toleo la 2007 likaanza na ubunifu, uendeshaji ukasukumwa mkiani, nafasi ya sita. Kufika 2016 hata eneo lake haukuwa nalo tena. Ulibaki kipengele kimoja ndani ya eneo la kwanza, na maeneo yote saba yakawa yanamtaja mwanafunzi kwa anachokifanya: anajenga maarifa, anasanifu, anafikiri kikompyuta, anaishi mtandaoni kwa uadilifu. Sababu mojawapo kila mtumiaji wa kompyuta anaijua: menyu zinahamahama. Aliyekariri kitufe kilipo hurudi darasa la kwanza kila programu inaposasishwa.

Shule nyingi nilizopita zimenakili maneno mapya na kubaki na mtihani wa zamani. Hiyo “kufikiri kikompyuta”, iliyovuma baada ya makala ya mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing ya mwaka 2006, ni kulivunja tatizo vipande, kutambua kinachojirudia, na kupanga hatua ambazo hata mwingine angezifuata. Karatasi na penseli vinatosha kuianza. Uingereza ilibadilisha mtaala wake Septemba 2014, watoto wa miaka mitano wakaanza kujifunza algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo. Naunga mkono. Ila nimeona pia madarasa ambako msimbo wa programu unanakiliwa kutoka ubaoni herufi kwa herufi, na hapo sioni tofauti na kukariri menyu.

Wakuu wa shule huniuliza wanunue vishikwambi vingapi. Mimi huuliza mwalimu ana saa ngapi za kuandaa somo, na mazungumzo hupoa. Mwongozo wa UNESCO wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018, unataja umahiri 18 katika ngazi tatu. Hakuna anayeupata kwa semina ya asubuhi moja yenye chai.

Kwa yule mwalimu nilipendekeza mambo mawili. Kwanza, kabla ya kugusa mashine, kila mtoto akadirie jibu na kuliandika pembeni ya daftari. Pili, mwalimu mwenyewe apande kosa moja kwenye data bila kusema liko wapi. Niliporudi walikuwa na jedwali la urefu wao. Wastani ulipotokea, binti mmoja akatazama daftari, akatazama skrini, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kuna mtu humu ana mita kumi na tano?”

Darasa likacheka. Yeye hakucheka; tayari alikuwa anashuka safu kwa safu na kidole, anaitafuta nukta.