Bati sio utajiri: kuhusu majina ya walengwa

Jamani nimechoka. Kila orodha ya walengwa, yaani kaya maskini zitakazopewa fedha za msaada, ikibandikwa hoja ni ileile, "yule ana nyumba ya bati kapata, huyu hana kitu kaachwa, basi kuna mtu kala." Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mfadhili, msomi kabisa, anataka tuvunje kamati nzima inayosimamia majina.

Wizi upo, sikatai. Majina hewa yapo, shemeji wa mjumbe yupo, na dawa yao inajulikana: orodha isomwe hadharani, malipo yahakikiwe, anayeiba ashitakiwe. Tusipotezeane muda hapo. Ninachokataa ni hii imani kwamba ukiwatoa wezi wote orodha itanyooka. Hainyooki! Jaza kamati malaika watupu, bado utakuta wenye nafuu wamo na hohehahe wako nje.

Sababu ni kwamba umaskini hatuupimi, tunaukisia. Mtu anaishi kwa vibarua na shamba, hana hati ya mshahara wala akaunti, kwahiyo karani anapita na dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, mko wangapi, mkuu wa kaya kasoma mpaka wapi, kuna redio, kuna mifugo. Kila jibu lina uzito wake, uzito wenyewe umetolewa kwenye utafiti wa matumizi ya kaya ambao pengine ulishafanyika miaka kadhaa nyuma, kompyuta inajumlisha, alama ikiwa chini ya mstari unaingia, ikiwa juu unabaki. Sasa hapo ndo tunafika kwenye bati. Bati unaezeka mara moja linakaa miaka na miaka. Mume alijenga akiwa na nguvu, akaugua, mbuzi wakauzwa kwa ajili ya matibabu, akafariki, mjane kabaki na wajukuu wanne, na bati bado liko juu linamshitaki mbele ya karani. Wakati huohuo kijana mwenye kazi ya kueleweka aliyepanga kibanda cha nyasi anapita bila jasho. Hakuna aliyehongwa.

Pale kwenye mstari ndo balaa zaidi. Kaya ya mwisho kuingia na ya kwanza kuachwa zinaweza kupishana kwa kitu kidogo tu, mtoto mmoja ambaye siku hiyo alikuwa kalala kwa bibi yake na karani hakumhesabu. Ila mmoja anapata yote na mwenzie hapati hata senti, we ungekuwa jirani ungesema nini?

"Basi waachieni wanakijiji wachague wenyewe, wanajuana." Hii naipenda na inanikera kwa pamoja. Indonesia waliijaribu kwenye vitongoji 640, matokeo yakachapishwa 2012: kwingine dodoso, kwingine watu wakae kikao wawapange wenzao kuanzia fukara kabisa, kwingine mchanganyiko. Ukipima kwa matumizi ya kaya dodoso lilikuwa sahihi zaidi kidogo, ila watu waliridhika zaidi na kikao, na ile ya vigogo kujipendelea ambayo kila mtu alikuwa anaingojea haikuonekana. Kilichonichekesha ni kwamba kaya zilizojadiliwa mwanzoni zilipangwa vizuri kuliko za mwishoni. Watu wanachoka bwana! Kikao kikishakuwa kirefu kila jina ni "huyo naye muweke hapohapo katikati, tuendelee." Yaani riziki ya mtu inategemea jina lake limesomwa saa ngapi.

Na kikao kina wasiofika. Mgonjwa wa kitandani, mhamiaji asiye na ukoo pale, mama anayesemwa kuwa mchawi. Hao dodoso linawaona kwasababu karani anabisha hodi kila mlango, kikao hakiwaoni mpaka mtu awataje, na asiyependwa nani amtaje?

Sasa mashaka yangu. Mwaka 2018 Brown, Ravallion na van de Walle walichapisha utafiti wa takwimu za nchi tisa za Afrika: hata ukiwa na bajeti ambayo ingemaliza umaskini wote kama tungemjua kila maskini alipo, hakuna njia waliyopima iliyoshusha kiwango cha umaskini chini ya kama robo tatu ya pale kilipoanzia. Na kugawa kwa kila mtu, au kwa kuangalia tu nani yumo kwenye kaya, kulifanya vizuri sawa au karibu sawa na dodoso. Nikisoma hivyo najiuliza makarani wote hawa na vishikwambi vyao ni vya nini, kijiji ambacho karibu wote ni maskini si tuwape wote tu. Halafu naigawa bajeti kwa vichwa vyote, kinachotoka hakimsogezi mtu popote. Sina jibu, na anayekwambia analo muulize kwanza bajeti yake ni kiasi gani.

Kwahiyo ukiona bati kwenye orodha usianze na nani kala. Uliza dodoso lilijazwa lini, nani alikuwepo nyumbani siku hiyo, na dirisha la rufaa linafungwa lini, maana mara nyingi linafungwa kabla watu hawajajua kama lilifunguliwa.