Mashine ya kiama kwenye Dr. Strangelove ni kitu gani hasa

Ukimaliza kuangalia Dr. Strangelove, ile muvi ya Stanley Kubrick ya 1964, kinachobaki kichwani ni yule rubani wa kofia ya kauboi kapanda bomu la nyuklia kama farasi anashuka nalo huku anapiga makelele. Ila utamu wenyewe uko kwenye mashine ya kiama, na wengi inawapita.

Iko hivi. Ni mabomu yamefukiwa ardhini yameunganishwa na kompyuta, ukimpiga mwenye nayo tu yanalipuka yenyewe na sumu yake inaifunika dunia miaka 93, hata yeye haponi, na mtu akijaribu kuizima ndo inalipuka. Sasa nani atajenga kitu kama hicho? Mwenye hesabu zake. Binadamu dakika ya mwisho anaweza kuingiwa huruma, adui analijua hilo, anaweza akajaribu bahati yake. Mashine haina huruma, kwahiyo adui hagusi. Halafu ni bei rahisi, balozi wa Urusi kwenye muvi anasema walichoka kushindana silaha huku wananchi wanalilia soksi za nailoni na mashine za kufulia.

Chukulia kibao cha MBWA MKALI getini. Anayemzuia mwizi ni kibao, sio mbwa, ndo maana kuna nyumba zina kibao tu na mbwa hamna. Warusi wa kwenye muvi mbwa wanaye, kibao hawajatundika. Jenerali mmoja wa Marekani, anaamini wakomunisti wanatia floridi kwenye maji wawaharibie watu majimaji ya mwilini (kichaa kabisa), karusha ndege za B-52 zenye mabomu ya nyuklia zikaipige Urusi bila rais kujua, na hapo ndo balozi anafunguka kuhusu mashine. Dr. Strangelove, mshauri wa rais wa Marekani, anamuuliza, sasa kama ni siri ina kazi gani, mbona hamkuutangazia ulimwengu? Balozi anajibu eti ilikuwa itangazwe Jumatatu kwenye mkutano wa chama, si unajua kiongozi wetu anapenda sapraizi.

Na wazo halikutoka hewani. Herman Kahn, mchambuzi wa RAND, taasisi ya Marekani ya utafiti wa mambo ya kijeshi, aliliandika 1960, yeye akionyesha mantiki ya kutishana ukiivuta mpaka mwisho inafika wapi, hakuwa anaipigia debe.

Baadaye Wasovieti wakajenga kweli kitu cha jamii hiyo, Perimeter, ikaanza kazi 1985. Sio otomatiki kabisa, handakini kuna maofisa wanaobaki na uamuzi. Ila nayo ilikaa siri mpaka vita baridi imeisha, na sababu inayotajwa sana ni kwamba haikuwa ya kumtisha Mmarekani, ilikuwa ya kuwatuliza wakubwa wao wenyewe, wakisikia king'ora wasikurupuke kubonyeza, maana hata wakifa wao kombora litajibu.