Skripti ileile, kompyuta moja tu inaganda

Ghala la mteja wangu liko Vingunguti, ofisi kuu iko Kariakoo. Kila usiku kompyuta tatu za ghalani hutuma faili za stoo kwa scp (amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine) hadi seva ya Kariakoo, kupitia WireGuard, VPN yaani njia ya siri ndani ya intaneti, iliyowekwa kwenye ruta. Mbili zinamaliza. Ya tatu inaganda bila ujumbe wowote wa kosa, na asubuhi karani anakuta hesabu ya juzi.

Lawama zote zilienda kwa skripti. Nikainakili kutoka kompyuta isiyo na tatizo, ikaganda vilevile. Nikaongeza -v, ili scp ieleze kila hatua: muunganisho unakubaliwa, kisha inasimama ikisubiri jibu la kubadilishana funguo. Nilichokitafuta kilikuwa kwenye `ss -tn`, amri inayoorodhesha miunganisho iliyopo. Safu ya Send-Q, yaani data iliyotumwa bila kuthibitishwa kupokewa, ilikuwa na baiti zisizopungua kabisa. Maana yake seva haikuchelewa kujibu; ilikuwa haijapokea data hiyo.

Nikaachana na skripti, nikapima ukubwa wa pakiti kwa `ping -M do -s 1472`. Ongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet, na hiyo `-M do` inakataza pakiti kukatwa vipande. Kompyuta jirani ilijibiwa na ruta papo hapo: pakiti kubwa mno, mwisho 1420, ambayo ndiyo MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti) ya kawaida ya WireGuard. Kompyuta yetu, kimya. Kwa 1392, yaani 1420 pamoja na vichwa, jibu likaja.

Basi ruta ilikuwa inatoa taarifa, ila kompyuta hii haiisikii. Kwenye iptables, ukuta wa ulinzi wa Linux, nikakuta aliyeisanidi ameruhusu majibu ya ping tu na kutupa ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao) nyingine zote, juu kabisa ya kanuni nyingine. Najua alitaka usalama. Lakini ICMP aina ya 3, msimbo wa 4, ndiyo inayoiambia TCP, itifaki inayobeba scp, ipunguze pakiti. Utaratibu huo uko kwenye waraka wa kanuni za intaneti, RFC 1191, tangu 1990. Ukiitupa, pakiti ndogo za salamu zinapita, kubwa zinatumwa na kutumwa tena bila kufika.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

`iptables -I INPUT -p icmp --icmp-type fragmentation-needed -j ACCEPT`

Kwenye ruta nikabana MSS (data ya mwisho ndani ya pakiti moja ya TCP) iwe 1380, yaani 1420 toa 40 za vichwa. Mbele ya scp nikaweka `timeout 600`, kikomo cha sekunde 600, ili ikiganda tena kwa sababu nyingine ikatike na kosa liandikwe kwenye logi kabla karani hajafika.