"Mbona amesoma, mwalimu?" Dhana potofu kuhusu vijana na viunganishi vya Kihispania

"Mwalimu, mbona amesoma, nimemwona kwa macho yangu, kakaa na daftari masaa mawili." Hii kauli wazazi wananiambia mtoto akifeli testi, nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Nafundisha Kihispania watoto wa Waswahili wenzangu huku Marekani, wengi wako haiskuli, miaka 14 mpaka 17, Kiingereza ndo lugha yao ya shule, Kiswahili wanacho cha nyumbani, na Kihispania wanasoma sababu shule inataka lugha ya kigeni. Na kinachowaangusha sio majina ya vyakula wala rangi, hizo wanazijua, ni viunganishi. Sasa leo acha niongee.

Hilo la masaa mawili na daftari ndo linaniudhi kuliko yote, kwaiyo naanza nalo. Mtoto akirudia kusoma ukurasa, anachozoea ni sura ya ukurasa. Macho yanapita juu ya pero (lakini), sino na sino que (bali), aunque (ingawa), zote kazipaka kalamu ya njano, kila moja akiiona anaitambua, kichwa kinamwambia hii naijua, basi anafunga daftari anarudi kwenye TikTok roho nyeupe. Mimi nampa karatasi tupu tu. Namwandikia sentensi mbili: No es mi hermano. Es mi primo. (Sio kaka yangu. Ni binamu yangu.) Haya, unganisha. Kimya. Anaangalia dari. Alafu anakuja na "No es mi hermano pero es mi primo". Nikimwonyesha kwamba ni "No es mi hermano, sino mi primo" anapiga paji la uso, aaah, nilikuwa naijua hiyo! Hukuwa unaijua bwana, ulikuwa unaitambua ukiiona, na kwenye testi hakuna atakayekuonyesha kwanza ndo akuulize.

Cha ajabu ni kwamba mama yake aliyekaa pale pembeni hawezi kukosea kitu hiki kwa Kiswahili, sababu lakini na bali kwake ni vitu viwili tofauti tangu zamani. Kinachomponza mtoto ni Kiingereza, ambacho kina neno moja, but, kwa kazi zote mbili.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana na kila mzazi wangu nimeshamsimulia, sababu wametumia lugha yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliandika kwenye jarida la Science jinsi walivyowapa wanafunzi wa chuo, Wamarekani, maneno 40 ya Kiswahili wayajifunze na maana zake za Kiingereza, maneno kama mashua. Makundi yote yalifika mahali pa kuyajua. Tofauti ilikuwa hivi, neno ukishalipata mara moja, kuna walioendelea kuulizwa hilo neno na kuna ambao hawakuulizwa tena, hata kama waliendelea kulisoma. Wiki moja baadae wale walioulizwa na kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Ambao hawakuulizwa tena walibaki kwenye thelathini na kitu, na kule kuendelea kusoma hakukuwasaidia kitu. Na walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu. Yaani mtu mwenyewe hawezi kuhisi kwamba njia yake ni mbovu, ndo maana mtoto anakuapia kabisa kwamba kasoma, wala hadanganyi.

Kwaiyo ule mtindo wa kwenye kadi za kujiuliza, swali upande huu jibu upande wa pili, kaipata sino mara moja, "hiyo tayari", anaitupa pembeni asiione tena, ndo kosa lenyewe. Kadi uliyoipata inarudi kwenye rundo. Mimi jozi zile zile za sentensi nazirudisha baada ya dakika kumi, tena kipindi kinachofuata, tena wiki inayofuata wakati wameshazisahau sahau na wananuna. Wanune. Kule kuvuta kumbukumbu kwa shida ndo kunakoifanya ikae.

Na nazichanganya makusudi. Ukimpa ukurasa mzima wa sino ataandika sino mpaka chini bila hata kusoma sentensi. Mbaya zaidi anajitengenezea kanuni yake kwamba akiona "no" anaweka sino, basi unamletea "No es caro. No me gusta." (Sio ghali. Sikipendi.) anakuandikia sino hapo hapo, wakati hapo ni pero, sababu la pili halikuja kulifuta la kwanza, vyote viwili ni kweli. Alafu unamletea "No fui al cine. Me quedé en casa." (Sikwenda sinema. Nilibaki nyumbani.) anaandika "sino me quedé", kasahau que, na kukiwa na kitenzi kilichonyambuliwa mbele, yaani chenye mtu na wakati ndani yake kama me quedé, lazima iwe sino que. Haya matatu kwa pamoja, yamechanganywa, daftari limefungwa, kwa dakika kumi na tano, yana faida kuliko jioni nzima ya kalamu ya njano.

Dhana zingine nazipitia haraka.

"Si ana kadi, upande huu neno upande huu tafsiri." Kwa nomino sawa. Kwa kiunganishi kadi ya hivo ni karibu na bure. Aunque ni ingawa, haya, kajua, alafu? "Aunque llueve, salgo" ni mvua inanyesha naiona na natoka, "Aunque llueva, salgo" ni hata kama itanyesha, sijali. Tafsiri ya neno moja haimwambii hilo. Cuando (wakati, pindi) nayo hivo hivo, wakitaka kusema nitakapofika nyumbani wanaandika "cuando llegaré a casa" kila siku ya Mungu wakati ni "cuando llegue". Kwaiyo kadi iwe na sentensi yenye pengo na kitenzi kikiwa bado hakijanyambuliwa kwenye mabano, ajaze vyote viwili. Para que (ili), antes de que (kabla), a menos que (isipokuwa), hizi zinakuja na subjuntivo yake, yaani umbo la kitenzi kama llueva na llegue, la jambo ambalo halijathibitika, usimfundishe bila hiyo.

"Akijaribu bila kujua atazoea makosa." Atazoea kama hakuna anayemsahihisha. Akikosa akaona jibu sahihi hapo hapo, lile kosa limemsaidia. Kinachoharibu ni kujaza kurasa tano ambazo hakuna mtu atazipitia.

"Apu inamuuliza kila siku." Inamuuliza kwa kumwekea majibu manne aguse moja. Huko ni kutambua tena, tumerudi kule kule. Aandike mwenyewe, au aseme kwa sauti.

"Hivyo ni vineno vidogo, vitakuja vyenyewe." Havijii. Nina watoto wa mwaka wa tatu bado wanasema "creo es bueno" badala ya "creo que es bueno" (naona ni nzuri), que wameimeza, na wanaandika "padre y hijo" badala ya "padre e hijo" (baba na mwana), "siete o ocho" badala ya "siete u ocho" (saba au nane). Na anayefikiria mtihani wa AP, ule wa haiskuli wa kiwango cha chuo, ajue insha inaangaliwa pia hoja zimeunganishwa vipi, sio misamiati mingapi umemwaga.

"Atasoma usiku wa kuamkia testi." Sawa, atapata C yake na Jumatatu hana kitu kichwani.

La mwisho hili wazazi wananiambia kwa unyonge kabisa, "mwalimu mimi Kihispania sikijui, nitamsaidiaje?" Utamsaidia vizuri tu, pengine kuliko anayekijua, sababu hutaweza kumdokezea. Chukua zile kadi, upande mmoja nimeandika Kiswahili, upande wa pili jibu. Msomee: "Sikwenda sokoni, bali nilibaki nyumbani." Yeye aandike. Akimaliza geuza kadi, linganisha herufi kwa herufi na alichoandika, "No fui al mercado, sino que me quedé en casa", kama que haipo unamwonyesha, kadi inarudi katikati ya rundo mnaendelea. Kiswahili chake nacho kinanyooka hapo hapo, hiyo nawapa bure. Akinyamaza usimrukie na jibu, mwache ahangaike, hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Na simu yake kaa nayo wewe mpaka kadi ziishe.